UZI: Mhispania anayejifunza Kiingereza anajikwaa palepale tunapojikwaa sisi

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Valencia, Hispania. Mchana nina kazi yangu nyingine, jioni nafundisha Kiingereza: watoto wa shule, wanachuo wanaodaiwa cheti cha ngazi ya B1 (ngazi ya kati ya lugha) kabla ya kupewa shahada, na watu wazima wanaotaka kwenda kutafuta kazi nje. Karibu wote lugha yao ya nyumbani ni Kihispania. Kuna mambo nimeyaona ambayo naamini yatawafaa ndugu mlioko Hispania au Marekani mnaoishi na kufanya kazi na watu wa lugha hii, na pia walimu wa Kiingereza mlioko nyumbani. Nitaweka kwa vipande, mnivumilie.

Naanza na muuguzi mmoja, dada wa miaka 27, aliyekuwa na mpango wa kwenda kufanya kazi Uingereza, na ilibidi kwanza afaulu mtihani wa Kiingereza. Siku ya kwanza tulikaa jikoni kwake, akatoa daftari lenye kalamu tatu za rangi zimechomekwa kwenye waya. Nikamwomba aandike sentensi chache kuhusu yeye mwenyewe, bila kamusi na bila simu. Akaandika hivi:

"I have 27 years. I am nurse. Is very hot in Valencia. I have hungry. I want that my mother comes with me."

Kisha akafungua kurasa za nyuma kunionyesha kazi za kozi aliyopitia kabla yangu. Sentensi za namna hiyohiyo, zimekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake imeandikwa sentensi sahihi. Hakuna mahali palipoandikwa kwa nini. Yeye alikuwa amezinakili zile sahihi mara tanotano kila moja, kwa mwandiko mzuri kabisa, na wiki iliyofuata amekosea vilevile. Akaniambia kwa Kihispania kwamba kichwa chake si cha lugha.

Nilizisoma zile sentensi tano mara mbili, kwa sababu nilikuwa nazijua. Zilikuwa sentensi zetu. Zisomeni kwa Kiswahili: Nina miaka 27. Mimi ni muuguzi. Ni joto sana Valencia. Nina njaa. Nataka mama aje nami.

Hakuna kosa hata moja pale lililotokana na kichwa kibovu. Kila moja ni kanuni ya Kihispania iliyofuatwa kwa uaminifu, ikavishwa maneno ya Kiingereza. Hilo ndilo nililokuja kusema kwenye uzi huu: kosa la mwanafunzi huyu lina anwani. Ukiifahamu anwani, utalikuta nyumbani na kulitoa. Ukipiga wino mwekundu tu, litarudi.

Kipande cha pili: kitenzi "tener"

Kihispania kina kitenzi "tener", yaani kuwa na kitu. Wanakitumia kama tunavyotumia "nina". Angalieni: "tengo hambre", nina njaa. "Tengo sed", nina kiu. "Tengo sueño", nina usingizi. "Tengo prisa", nina haraka. "Tengo miedo", nina hofu. "Tengo 27 años", nina miaka 27. Sita kwa sita. Mwingereza yeye haoni njaa kama kitu unachokishika, anaona ni hali uliyomo: "I am hungry", "I am thirsty", "I am 27".

Nilimwandikia muuguzi safu tatu, Kihispania, Kiswahili na Kiingereza. Alipoona mbili za kwanza zinalingana na ya tatu ndiyo inayokwenda njia yake, akaweka kalamu chini akaniuliza, "Kwa hiyo anayesema tofauti ni Mwingereza?" Nikamwambia ndiyo, katika jambo hili ni yeye. Tangu siku ile sikumsikia tena akisema kichwa chake hakifai.

Sentensi ya pili, "I am nurse": wanasema "soy enfermera", sisi tunasema "mimi ni muuguzi". Hakuna kitu katikati. Mwingereza anataka "a". Ya tatu, "Is very hot": kitenzi cha Kihispania kinambeba mtendaji ndani yake, kama chetu. "Llueve" ni sentensi kamili, kama sisi tunavyosema "inanyesha". Mwanafunzi haoni kilichopungua akiandika "Is raining", kwa sababu kwao hakijapungua kitu. Kiingereza kinalazimisha pawe na mtu mlangoni hata kama hakuna mtu, ndiyo ile "it". Huwa nawaambia: kabla ya kitenzi, angalia mlangoni. Kama hakuna aliyesimama, mweke "it".

Ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. "Quiero que vengas." Nataka uje. Mnaona kitenzi kinavyogeuka mwishoni? "Viene" ni anakuja, "venga" ni aje. Sisi nasi "anakuja" inakuwa "aje". Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja imetoka kwa Kilatini na nyingine ni ya Kibantu, zote zimeona kwamba jambo linalotakwa bado halijatokea, hivyo kitenzi chake kivae nguo nyingine. Kiingereza cha leo karibu kimeiacha nguo hiyo, kinasema "I want you to come". Mhispania anatafuta mahali pa kuweka ile "que" yake, anaona "that" iko karibu, anaiweka. Mwanafunzi wa Tanzania naye si ajabu ukamsikia akisema "I want that you come". Nimelisikia hilo Tanga, nimelisikia hapa.

Kipande cha tatu: nyakati

Hapa ndipo watu wazima wengi wanapokwama miezi.

Mhispania wa Hispania akisema habari za leo anatumia wakati unaofanana sana na "-me-" yetu. "Esta mañana he desayunado a las siete." Leo asubuhi nimekunywa chai saa moja. Sisi hatuoni shida kusema "nimekunywa" na "saa moja" pamoja. Kwa Kiingereza hiyo ni shida, ukishataja saa lazima uende wakati uliopita: "I had breakfast at seven". Wanafunzi wangu huandika "I have had breakfast at seven" na mtihani unawakata maksi.

Lakini kijana wangu mmoja anayetoka Ecuador hakosei hapo. Kwao, kama sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini, husema "esta mañana desayuné", wakati uliopita moja kwa moja, hivyo kwake sentensi inaingia Kiingereza bila kugonga mlango. Yeye anakosea upande wa pili: anaandika "I never ate paella" pale Mwingereza anapotarajia "I have never eaten". Kwa hiyo mwalimu anayesema "wazungumzaji wote wa Kihispania wana tatizo la present perfect" (wakati ule wa "I have eaten") hajawauliza wametoka wapi. Ni lugha moja, lakini kosa la Valencia silo kosa la Quito, Ecuador.

Halafu kuna "desde hace". "Vivo aquí desde hace tres años", naishi hapa kwa miaka mitatu sasa. Kitenzi ni cha wakati uliopo, maana bado ninaishi. Ndiyo maana unapata "I live here since three years". Nikisahihisha sentensi hii huwa nasahihisha vitu viwili kwa siku mbili tofauti, kwanza kitenzi, "have lived", kisha kesho yake "for" badala ya "since". Ukisahihisha vyote kwa pamoja mtu anashika kimoja, na huwezi kujua kipi.

Mchangiaji: Mkuu, nimekuelewa sana. Mimi niko Houston, nafanya kazi na Wamexico wengi. Kitu kinachonishangaza: mtu anakutajia neno zito la Kiingereza ambalo mimi sijawahi kulitumia, halafu ukimwambia "turn it off" anakutazama tu. Inakuwaje?

Mleta uzi: Asante mkuu, umenipeleka kwenye msamiati, na huku ndiko kwenye utajiri.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walizungumza Kifaransa na watu wa chini wakabaki na Kiingereza chao. Lugha zikachanganyika, na baadaye wasomi wakaongeza maneno kutoka Kilatini chenyewe. Matokeo yake Kiingereza kina maneno mawilimawili kwa jambo moja: dogo la Kiingereza cha kale, na kubwa la Kilatini. Na Kihispania ni mtoto wa Kilatini.

Kwa hiyo Mmexico wako hajasoma neno zito. Amelirithi. Kwake "postpone" ni "posponer", "tolerate" ni "tolerar", "extinguish" ni "extinguir". Kwake hayo si maneno mageni. Neno linaloishia "-ción" mara nyingi sana linakuwa "-tion": información, educación, operación. Linaloishia "-dad" linakuwa "-ty": universidad, realidad. "-mente" inakuwa "-ly". Somo la saa moja tu la viishio hivi linampa mtu mamia ya maneno ya kusoma, na naliweka wiki ya kwanza kabisa ili mtu aone ameanza na akiba.

Kinachomkosesha raha ni yale madogo. "Put off", "put up with", "put out": ni yaleyale matatu niliyotaja juu, postpone, tolerate, extinguish, lakini yamevaa nguo za nyumbani. Neno "put" analijua. "Off" analijua. Vikikaa pamoja vinakuwa kitu cha tatu ambacho hakitoki kwa "put" wala kwa "off". Kihispania hakina utaratibu huo. Sisi tunaweza kuuelewa kidogo kwa kitenzi chetu: "piga" ukiweka mkono inakuwa kingine, ukiweka simu kingine, ukiweka pasi kingine, ukiweka picha kingine. Mgeni anayejifunza Kiswahili akidhani kupiga pasi ni kuichapa, yuko kwenye shimo lilelile.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Kihispania anasoma gazeti la Kiingereza vizuri kuliko anavyoelewa watu wawili wanaoongea jikoni. Walimu wengi humpa maneno rahisi kwanza na magumu baadaye wakidhani ndio mpangilio. Kwake yeye yale yanayoitwa rahisi ndiyo magumu. Muda wa kukariri uende huko.

Njia yangu ni ya karatasi. Kadi ndogo, mbele sentensi nzima yenye pengo, nyuma kitenzi. Si neno peke yake kamwe. "The meeting was ___ until Friday." Masanduku matano ya viatu vya mtoto, ukijibu sawa kadi inaenda sanduku linalofuata ambalo unalifungua baada ya siku nyingi zaidi, ukikosa inarudi la kwanza. Mbinu hii ilienezwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970, na programu nyingi za kadi kwenye simu leo zimejengwa juu ya wazo hilohilo la kurudia kwa nafasi. Simu inafaa pia, lakini mimi nimeona anayeandika kadi kwa mkono wake anaikumbuka hata kabla hajaiweka sandukuni.

Mchangiaji: Na yale maneno yanayofanana lakini maana mbalimbali? Kuna jamaa alimwambia bosi wake ni "constipated" ofisi nzima ikanyamaza.

Mleta uzi: Alikuwa na mafua tu, masikini. "Constipado" kwao ni mafua, kwa Kiingereza ni kufunga choo. Wahispania wenyewe huyaita "falsos amigos", marafiki wa uongo. "Embarazada" ni mjamzito, si mtu aliyeona aibu. "Éxito" ni mafanikio, haihusiani na mlango wa kutokea. "Librería" ni duka la vitabu, si "library"; "carpeta" ni faili la kuwekea karatasi, si "carpet"; "asistir" ni kuhudhuria, si "assist"; "ropa" ni nguo, si "rope".

Hayo watu hucheka nayo, na huyasahihisha haraka kwa sababu aibu inafundisha. Ninayoyaogopa mimi ni yale ambayo hayachekeshi mtu. "Actualmente" maana yake kwa sasa, lakini "actually" ni kwa kweli. Mtu anaandika "Actually I work in a hospital", msomaji anadhani anampinga, hakuna anayemwambia, na kosa linaishi miaka kumi. "Sensible" kwao ni mtu mwepesi wa kuguswa. Mwanafunzi akiandika kwenye barua ya kazi kwamba yeye ni "sensible", Mwingereza anasoma kwamba ana busara. Sentensi iko sahihi kabisa, ila haikusema alichotaka kusema. Muuguzi wangu aliambiwa kwamba "pretender" si "pretend" siku aliyoandika kwamba anajifanya kuhudumia wagonjwa vizuri. Alikuwa anamaanisha anakusudia.

Mchangiaji: Samahani mkuu, matamshi je? Mbona Wareno wako hapo jirani na wanasifiwa Kiingereza?

Mleta uzi: Swali zuri. Sehemu moja ni historia. Hispania mwaka 1941, chini ya dikteta Franco, ilitoka amri kwamba filamu za kigeni zote ziingizwe sauti za Kihispania. Amri haikudumu sana lakini mazoea yalibaki, na hadi leo watu wengi wanaangalia filamu ya Marekani bila kusikia neno la Kiingereza. Ureno waliachia sauti ya asili na kuweka maandishi chini. Mtoto wa Lisbon anaisikia lugha tangu mdogo, mtoto wa Valencia anakutana nayo kwenye kitabu.

Sehemu ya pili ni irabu. Kihispania kina irabu tano: a, e, i, o, u. Ndiyo, zetu hizihizi, na zinatamkwa karibu sawasawa, ndiyo maana Mswahili akisoma Kihispania kwa sauti irabu zake zinaeleweka hata kama haelewi anachosoma. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kinahesabiwa sauti za irabu kama 20. Kwa hiyo "ship" na "sheep" kwa masikio ya Mhispania ni neno moja, na "full" na "fool" ni moja, kama zilivyo kwa wengi wetu.

Kosa la kufundisha hapa ni kumwambia mtu atamke kabla hajasikia. Mimi namgeuzia mgongo ili asione midomo, nasema neno moja kati ya mawili, yeye anainua kidole kimoja au viwili. Muuguzi siku ya kwanza alipata 11 kati ya 20, yaani alikuwa anabahatisha. Tulifanya dakika tano kila kipindi, si zaidi, maana sikio linachoka upesi. Wiki ya nne akapata 17. Hapo ndipo nikamruhusu atamke, na ulimi ukafuata wenyewe.

Jingine ni "s" mwanzoni mwa neno. Kihispania hakianzi neno kwa "s" ikifuatwa na konsonanti, wanaweka "e" mbele: escuela, estudiante, España. Ndiyo maana utasikia "eschool", "estreet". Sisi nasi tuna dawa yetu ya konsonanti zilizobanana, tunatia irabu katikati, "club" ikawa kilabu, "brush" ikawa burashi. Dawa ninayompa: avute "s" ndefu kama nyoka, "sssss", kisha "treet". Haina raha kuisikia, lakini inafanya kazi.

Mchangiaji: Haya mambo ya kulinganisha lugha ni utafiti wako au yapo kwenye vitabu?

Mleta uzi: Yapo, mkuu, na mmoja wa walioyaandika alikuwa mtoto wa Kihispania. Robert Lado alizaliwa Tampa, Florida, mwaka 1915, wazazi wake wahamiaji kutoka Hispania. Alikulia Hispania, akarudi Marekani akiwa kijana wa miaka 21, Kiingereza chake kidogo. Baadaye akawa msomi wa lugha Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1957 akatoa kitabu kinachosema ukizilinganisha lugha mbili utaweza kutabiri mwanafunzi atakwama wapi. Mwaka 1967 msomi mwingine wa lugha, Pit Corder, akaongeza kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anayoijenga kichwani. Waliofuata walionyesha kwamba utabiri wa Lado hautimii kila mara, na mimi nimeona hivyo: yapo makosa ambayo Kihispania hakihusiki nayo. Ile "s" ya "she works" wanaisahau, wakati vitenzi vyao wenyewe vinabadilika kwa kila nafsi na hawasahau hata kimoja. Hapo sina jibu la lugha ya kwanza, nawakumbusha tu kila siku.

Mchangiaji: Yule muuguzi alifaulu?

Mleta uzi: Mara ya kwanza hapana, alikosa kwenye kusikiliza. Mara ya pili, miezi mitano baadaye, alifaulu. Sasa yuko kaskazini mwa Uingereza, wodi ya wazee. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na nikausikiliza na daftari mkononi kama zamani. "It" ziko zote mahali pake. Miaka, njaa, "I want her to", vyote vimekaa. Aliniambia wagonjwa wanamfundisha maneno ya kienyeji ambayo hayamo kwenye kadi zetu. Bado anasema "people is", kwa sababu "gente" kwao ni umoja. Hiyo tumepanga kuanza nayo Jumapili kwa simu.